Ukoko wa Taifa

Nchi inayosimuliwa hapa ina jina zuri sana, lakini kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa kibali hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tatu hiyo hiyo. Kwa hiyo tuiache bila jina. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, yenye mvua za kutosha na mamlaka mia nne na kumi na mbili, na kwamba mojawapo ya mamlaka hizo, ile ya Utakato wa Vyombo, ilimwajiri Bi. Sikudhani Lumbi kuchafua vyombo kwa niaba ya serikali.

Cheo chake kilikuwa Mchafuzi Sanifu Daraja la Pili. Daraja la Kwanza halikuwa na mtu. Lilikuwa limetunzwa kwa ajili ya mpwa wa waziri fulani, pindi atakapomaliza masomo, na masomo yenyewe alikuwa hajayaanza.

Bi. Sikudhani alikuwa na miaka hamsini na minne. Kabla ya kuingia serikalini alipika miaka ishirini na miwili katika chuo cha ualimu, akisonga ugali wa watu mia tatu kwa mwiko uliomzidi urefu. Kusonga hakukumchosha. Kilichomchosha ni baada ya mlo, pale wengine walipokwenda kupumzika na yeye akabaki na sufuria zake. Alikuwa akiingiza kichwa na mabega yote ndani ya sufuria na kusugua kwa majivu, mchanga na dodoki, na mtu aliyepita nje aliona miguu tu na kusikia mlio wa kukwangua. Vidole vyake vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena. Sabuni ikiingia kwenye nyufa zile alikuwa akisimama wima, anafumba macho, anahesabu mpaka kumi, kisha anainama tena.

Basi siku Mtukufu Rais alipotangaza redioni habari ya mashine, hakuna mtu katika nchi nzima aliyefurahi kama Bi. Sikudhani.

Mtukufu Rais alikuwa ametoka ziarani katika nchi rafiki ya mbali. Huko, baada ya chakula, alioneshwa sanduku jeupe ambalo hupewa vyombo vichafu likafungwa, likanguruma, na likifunguliwa vyombo vinatoka safi na vya moto. Mtukufu hakuwa ameona chombo kikioshwa, kwa njia yoyote ile, tangu alipoingia madarakani, kwa hiyo jambo hilo lilimgusa sana. Alitangaza kwamba kila kaya itapewa sanduku lake, kwamba sanduku hilo litaitwa Mkombozi, na kwamba kuanzia Siku ya Uhuru itakuwa kosa la jinai kwa raia kuosha chombo kwa mikono. Alieleza na sababu. Taifa linaloinama juu ya beseni, alisema, haliwezi kuona mbele.

Mashine zikaletwa mara moja, kabla hata ya wataalamu. Ziligawiwa mijini na vijijini bila ubaguzi. Kwenye vijiji visivyo na umeme wala bomba watu walizipokea kwa heshima, wakaziweka sebuleni, wakazitandikia vitambaa vya kufuma, na wageni wakawa wanakaribishwa kuzitazama. Lakini kulikuwa na sheria moja ya zamani, ambayo kila serikali ilisahau kuifuta, iliyosema kwamba kifaa chochote kabla ya kutumika na umma lazima kipimwe na kipewe cheti. Cheti kilidai jambo moja tu: ithibitishwe kwamba mashine inatakatisha vyombo vilivyochafuka sana. Na sehemu ya cheti ilipaswa kujazwa na kusainiwa na yule aliyevichafua, kwa mkono wake, maana yeye ndiye anayejua aliweka nini.

Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka alikuwa Dakta Tegemea Mapande, mtu mnene, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni na shahada iliyohusu mawimbi ya sauti ndani ya mabomba. Kijitabu kilichokuja na mashine kilielekeza kwamba vyombo vya kupimia vipakwe uji wa shayiri, mchicha wa kizungu na kiini cha yai. Dakta Mapande alikisoma akakasirika. Aliandika waraka wa kurasa tisa akisema kwamba nchi huru haiwezi kupimiwa mashine kwa uchafu wa kigeni, na kwamba atafutwe mara moja mwananchi anayejua kuchafua chombo kizalendo. Mkuu wa chuo cha ualimu, ambaye aliwahi kuziona sufuria za Bi. Sikudhani kabla hajazisugua, akapeleka jina lake.

Aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Alisonga ugali wa dona kwenye sufuria kumi, akaacha moto uendelee kidogo baada ya ugali kuiva, ukoko ukashika chini na pembeni. Alipika maharage akayaacha yakaukie. Alichemsha maziwa mpaka yakafurika na kuungua. Alipaka sahani mchuzi wa mawese, akamimina uji wa mtama kwenye bakuli, kisha akaanika vyote juani kwa muda wa saa kumi na mbili kamili kama waraka ulivyosema. Vikombe alivichafua kwa chai ya maziwa na kuviacha na ukingo wa kahawia ndani. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Fikirini Mjaka, mkaguzi wa Mamlaka, bwana mwembamba wa makamo aliyetembea na tochi na kitambaa cheupe, alimuuliza kama hajaizidishia mashine kazi. Bi. Sikudhani akamwambia kwamba huo ni uchafu wa Jumanne ya kawaida.

Wakavipanga, wakaifunga mashine, wakabonyeza. Iliunguruma saa mbili na dakika kumi. Muda wote huo Bi. Sikudhani alikaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, midomo ikimchezacheza. Alikuwa anaiombea.

Mlango ulipofunguliwa mvuke ulitoka ukawafunika wote, na ulipopungua Fikirini alianza kuchomoa. Vikombe vilitoka safi. Vilitoka safi kweli kweli, ukingo wa kahawia haupo, vinalia ukivigonga kwa ukucha. Bi. Sikudhani alikishika kimoja akakigeuzageuza na machozi yakamlenga. Sahani za mchuzi nazo zilikuwa nzuri, ila rangi ya mawese ilikuwa imehama kutoka kwenye sahani na kuingia kwenye plastiki ya mashine. Kisha zikaja sufuria.

Ukoko ulikuwa palepale. Ulikuwa umepata joto, umelainika juu na kung'aa, kama mtu aliyetoka kuoga. Maharage yalikuwa yamebanduka upande mmoja wa sufuria yakaenda kushika upande mwingine, na machache yalikutwa ndani ya bakuli. Fikirini alipitisha kitambaa chake cheupe, akakitazama, akakikunja polepole na kukirudisha mfukoni. Bi. Sikudhani alirudi nyumbani siku hiyo akapika, akala, akaosha vyombo vyake kwa mikono, na wifi yake Mwanakombo, ambaye aliishi naye, alimuuliza mara tatu kama kuna msiba kazini.

Taarifa ya Dakta Mapande kwenda kwa waziri ilikuwa fupi. Ilisema kwamba asilimia mia moja ya vyombo vilivyoingia kwenye mashine vilitoka.

Waziri alifurahi, lakini akauliza kama vilitoka safi. Ndipo Mamlaka ilipoanza kufanya kazi usiku na mchana. Kwanza walirekebisha ukaguzi. Ilionekana kwamba Fikirini alikuwa anavitazama vyombo kwa karibu mno, jambo ambalo hakuna familia yenye adabu hulifanya mezani, kwa hiyo umbali wa kukagua ukawekwa mita sita. Kwa mita sita ukoko ulionekana bado. Wakamnunulia miwani myeusi. Kwa miwani myeusi Fikirini aliandika kwamba hakuona uchafu wowote, na kwa uaminifu akaongeza kwamba hakuiona na sufuria.

Kisha kamati ya maprofesa saba ikakaa siku kumi na nne kutafuta maana ya neno safi, ikarudi na jibu kwamba chombo safi ni chombo ambacho kimetoka kuoshwa. Hilo lingemaliza mambo, ila profesa mmoja alikataa kusaini kwa sababu jina lake lilikosewa herufi, na kamati ikavunjika.

Basi wakageukia uchafu wenyewe. Dakta Mapande alimwita Bi. Sikudhani ofisini, akamkalisha kwenye kochi, akamwagizia soda.

"Mama," alimwambia, "huu uchafu wako una chuki na serikali?"

"Ni ugali tu, Dakta."

Alimweleza kwa upole kwamba mchafuzi wa kisasa hutazama mbali. Muda wa kuanika ukashushwa kutoka saa kumi na mbili hadi saa moja, kisha robo saa. Mashine ikashindwa. Dona ikabadilishwa kuwa sembe. Ikashindwa. Mtu mmoja akasoma kijitabu mpaka ukurasa wa mwisho na kukuta, kwa maandishi madogo, kwamba mtumiaji anashauriwa kuondoa mabaki kabla ya kuweka chombo ndani. Wakamwomba Bi. Sikudhani aondoe mabaki. Aliuliza aondoe kiasi gani. Wakasema yote. Akauliza ataondoaje ukoko bila kusugua, na kusugua kwa mikono ni kosa. Kikao kiliahirishwa.

Sheria ilikuwa imekwisha kuanza kutumika mjini, kwa majaribio. Polisi walipewa mafunzo ya kutambua harufu ya sabuni ya kipande. Dodoki, majivu na waya wa kusugulia viliwekwa kwenye orodha moja na baruti. Watu wakawa wanaosha sahani chini ya kitanda, maji yakimwagika kidogo kidogo ili yasisikike, na watoto wakafundishwa kusema kwamba mama amelala. Na Jumatatu moja asubuhi, Mwanakombo alisimamishwa kwenye lango la soko akiwa na dodoki tatu kwenye kapu, chini ya mafungu ya mchicha. Alisema ni za kuogea. Askari akampima kwa macho, akazinusa dodoki, akasema hizo ni za sufuria. Akawekwa mahabusu kusubiri kesi yake, na kesi zenyewe zilikuwa zinasubiri mashine ipate cheti, maana hakimu alisema hawezi kumfunga mtu kwa kukataa kutumia kitu ambacho serikali haijakikubali.

Bi. Sikudhani alimpelekea chakula kwa siku tatu. Siku ya kwanza Mwanakombo alitania kwamba humo ndani vyombo havioshwi kabisa, kwa hiyo wako upande wa sheria. Siku ya pili hakutania. Siku ya tatu alikuwa anakohoa, na alimshika wifi yake mkono kupitia nondo, akamuuliza kwa sauti ndogo kama huko serikalini hakuna mtu anayemsikiliza.

Akaenda kwa Dakta Mapande. Hakukaa kwenye kochi, alisimama. Dakta alimsikiliza kwa huruma ya kweli, akavua miwani, akaipangusa. Alisema jambo lenyewe ni rahisi. Jumamosi kuna uzinduzi kwenye uwanja wa gwaride, mbele ya Mtukufu. Mashine itapimwa hadharani. Sufuria itachafuliwa kwa chai ya rangi isiyo na sukari, vuguvugu, na Bi. Sikudhani atajaza cheti na kusaini kwamba ilichafuka sana. Jioni hiyo hiyo, kwa furaha ya sherehe, wale wa makosa madogo wataachiwa.

"Na wakishaachiwa?" aliuliza Bi. Sikudhani.

"Sheria itaanza nchi nzima."

"Halafu mwanamke wa huko mashambani ikimshinda sufuria kwenye hiyo mashine?"

Dakta Mapande alitazama dirishani. Alisema kwamba mashine ikiwa na cheti haiwezi kushindwa, kwa hiyo atakayekuwa ameshindwa ni yule mwanamke. Kisha akasema, bila kumtazama, "Saini, mama. Wifi yako arudi nyumbani."

Alitoka. Njia nzima alijiona mjinga kwa kuwa aliiombea ile mashine. Kama asingeipenda, aliwaza, ingekuwa rahisi kuisingizia uzuri. Lakini alikuwa ameitaka sana iwe nzuri, kwa ajili ya vidole vyake na vya watu wengine, na sasa anatakiwa aseme ni nzuri ili watu wafungwe kwa ajili yake. Ijumaa alilala na nguo zake za kazini. Alikuwa ameamua kusaini.

Jumamosi uwanja ulijaa watu elfu kumi na mbili, wote wamejitolea kwa amri. Mashine ilisimama jukwaani imefungwa utepe. Maji ilipata kutoka kwenye gari la zimamoto na umeme kutoka kwenye jenereta la jeshi, na askari wanne waliilinda, wawili wakiitazama mashine na wawili wakiwatazama watu. Bi. Sikudhani alikaa nyuma ya meza yenye jiko la mkaa, sufuria moja na birika la chai ya rangi. Fikirini alikuwa pembeni na tochi yake, miwani myeusi shingoni. Kwenye ratiba, jambo la kumi na nne lilikuwa Uchafuzi.

Lilipofika, Mtukufu Rais aliuliza kwa nini anaona birika. Hotuba yake, alisema, ina ugali. Aliwaonesha: ugali ulitajwa ukurasa wa kwanza, wa tatu, na mara saba katika hitimisho, na nakala elfu tano zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Hotuba haikuweza kubadilishwa, kwa hiyo ikabidi ibadilishwe chai. Unga ukaletwa mbio kutoka kambi ya jeshi. Dakta Mapande aliinama sikioni mwa Bi. Sikudhani, jasho likimdondoka kwenye kola, akamwomba asonge ugali usioshika sufuria. Bi. Sikudhani akamwambia kwamba ugali usioshika sufuria ni uji, na uji haumo kwenye hotuba.

Akawasha moto. Watu elfu kumi na mbili walinyamaza kumtazama mwanamke mmoja akisubiri maji yachemke. Bendi ilipiga wimbo wa taifa mara tatu kupoteza muda. Alitia unga, akasonga, na mkono wake ulipoanza kuzunguka ulisahau kila kitu, ukafanya kama ulivyofanya miaka ishirini na miwili. Angeweza kuuepua mapema. Alijua dakika yenyewe ambayo ugali umeiva na chini bado hapajashika, aliiona inafika, na aliiacha ikapita. Baadaye alimwambia Mwanakombo kwamba hakukusudia ushujaa wowote. Alishindwa tu kupika vibaya mbele ya watu.

Ugali ukapakuliwa kwenye sinia na kupelekwa kwa mabalozi. Sufuria ikainuliwa ili Mtukufu ajionee uchafu. Ukoko ulikuwa umeshika kote, wa rangi ya dhahabu, kingo zimejikunja kidogo na kuachana na bati, na ulikuwa bado unatoa moshi mwembamba. Moshi ule ulielekea kwa Mtukufu.

Mtukufu Rais alikuwa akilishwa na wapishi wa kigeni kwa miaka kumi na tisa. Aliinama. Akanusa. Wale waliokaa karibu walisema baadaye kwamba uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu wanayemfahamu. Akaomba kijiko.

Mlinzi mwenye kazi ya kuonja kabla yake alionja, akaonja tena, na alipotaka kuonja mara ya tatu alihamishiwa mpakani. Kisha Mtukufu akaipakata sufuria ya taifa mapajani, juu ya suti nyeupe, akakwangua. Alikula wa pembeni kwanza, kisha wa chini. Hakumtazama mtu. Mlio wa kijiko ulisikika kwenye vipaza sauti uwanja mzima, na hakuna aliyejua kama ni vema kupiga makofi au kusimama. Alipomaliza alipitisha kidole mara moja kuzunguka ukingo, akakilamba, akairudisha sufuria mezani. Ndani yake ungeweza kujitazama.

Ikaingizwa kwenye mashine. Mashine ikanguruma saa mbili na dakika kumi, na Mtukufu akasoma hotuba kwa muda huo huo. Mlango ukafunguliwa, Fikirini akachomoa sufuria, akaitazama kwa karibu bila miwani, akapitisha kitambaa, na kitambaa kikatoka cheupe. Watu walishangilia mpaka utepe ukakatika wenyewe.

Kisha cheti kikawekwa mbele ya Bi. Sikudhani. Chini ya maneno "Chombo kilichafuliwa sana na kilitakatishwa na" kulikuwa na nafasi ya mistari mitatu. Dakta Mapande alimpa kalamu moja kati ya zile nne na kumnong'oneza kwamba gari la kumfuata wifi yake limekwisha kuwashwa. Bi. Sikudhani alikuwa amepanda jukwaani akiwa tayari kuandika uongo, na sasa akiiangalia ile nafasi aliona uongo wenyewe hauhitajiki. Akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama mtu anayeandika bahasha: MTUKUFU RAIS, KWA KIJIKO, MBELE YA WATU WOTE. MASHINE ILISUUZA. Akasaini.

Dakta Mapande aliyasoma mara tatu. Mara ya kwanza alitaka kuyafuta. Mara ya pili alitambua kwamba kuyafuta ni kukana kwamba Mtukufu alifanya kazi nzuri. Mara ya tatu alikaa chini. Mtukufu akanyoosha mkono, akaletewa cheti, akakisoma, na badala ya kukasirika akakisoma tena. Halafu akasema kwamba kila siku anasoma magazetini kwamba amejenga daraja fulani, amechimba kisima fulani, ameshinda ukame, na yote hayo hakumbuki kuyafanya. Hili anakumbuka. Akaamuru cheti kichapwe neno kwa neno katika magazeti yote na kibandikwe katika kila ofisi ya umma.

Mwanakombo alirudi jioni ile, amekonda, akaoga kwa ndoo mbili na kulala mpaka Jumapili mchana. Dodoki zake tatu zilibaki polisi kama ushahidi.

Jumatano asubuhi gari la Mamlaka lilikuja kumchukua Bi. Sikudhani. Dereva hakueleza. Walipokaribia Ikulu alijionea mwenyewe: foleni ilianzia langoni, ikazunguka posta, ikapita benki mbili na kupotelea kwenye kona ya hospitali. Kila aliyekuwa kwenye foleni alibeba sufuria. Hakuna aliyepiga kelele wala kubeba bango. Walikuwa na adabu ya watu wanaosubiri kuhudumiwa. Mwanamke wa kwanza, aliyebeba sufuria ya makande yaliyoungua, alimweleza mlinzi kwa utulivu kwamba sheria inamkataza kuiosha kwa mikono, Mkombozi imejaribu mara nne, na cheti cha serikali kinasema anayetakatisha ni nani. Alikuwa na kipande cha gazeti. Mlinzi alikuwa amekisoma kila upande akitafuta kosa, hakuliona. Kumfukuza mama yule kungekuwa kumwambia kwamba Mtukufu ameshindwa na sufuria.

Dakta Mapande alikuwa langoni, uso umepauka. Alimwomba Bi. Sikudhani aseme nao. Bi. Sikudhani aliuliza awaambie nini.

Juu, dirisha likafunguliwa. Mtukufu Rais alitazama foleni, akauliza wanataka nini, akaelezwa. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama kuna zenye ukoko.

Alipelekewa tatu. Ya kwanza aliimaliza. Ya pili aliifikisha nusu. Ya tatu ilikuwa imepikiwa dagaa siku iliyotangulia. Hapo Mtukufu alikumbuka kwamba katiba inamruhusu kukasimu madaraka yake, na saa nne kamili akayakasimu kwa mawaziri. Mawaziri wakayakasimu kwa makatibu wakuu saa nne na robo, na makatibu wakuu, ambao wana vikao, wakayakasimu kwa wakurugenzi. Mwanasheria wa serikali alithibitisha kwamba mtu anayeosha kwa niaba ya Rais haoshi kwa mikono yake. Dodoki zikatafutwa mji mzima zikakosekana, mpaka mtu alipokumbuka chumba cha ushahidi cha polisi.

Saa sita mchana Dakta Tegemea Mapande alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya lango la Ikulu, mikono ya shati imekunjwa, beseni katikati ya miguu, anasugua sufuria ya makande. Kushoto kwake alikuwa Mkurugenzi wa Bandari na kulia Mkurugenzi wa Takwimu. Bi. Sikudhani alikuwa akipita nyuma yao na kuwaelekeza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua. Aliwaonesha kuloweka kwanza. Aliwaonesha kuzungusha mkono badala ya kupeleka mbele na nyuma.

Ijumaa redio ilitangaza kwamba wananchi watakaopenda kuisaidia serikali kuosha vyombo wanaruhusiwa kufanya hivyo majumbani mwao, kwa kujitolea, na foleni ikaanza kupungua. Lakini mpaka saa za kufunga kazi siku hiyo bado kulikuwa na sufuria kama arobaini. Dakta Mapande alisimama wima ghafla, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Alipoyafumbua alimwona Bi. Sikudhani anamtazama vidole.

"Mama," alisema, "ile mashine hakuna hata kitu kimoja inachokiweza?"

"Vikombe," alisema Bi. Sikudhani. "Vikombe inaosha vizuri kuliko mimi. Mngesema vikombe, ningesaini siku ya kwanza."

Dakta Mapande akakaa tena kwenye kigoda na kumpa sufuria aliyokuwa ameimaliza. Bi. Sikudhani aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani, chini ya ukingo, pale ambapo watu wengi husahau. Kisha akamrudishia asugue tena.